AL-BIRUNI: MWANACHUONI ALIYEIPIMA ARDHI AKIWA JUU YA KILIMA



Kila mwaka wapo wanafunzi wanaotuuliza: hizi hesabu za pembe tunazofundishwa skuli zina faida gani kwa mtu anayesoma dini? Safari hii tumeona tuwajibu kwa maisha ya mtu mmoja, Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad Al-Biruni, Allah amrehemu.

Alizaliwa mwaka 362 Hijria (973 Miladia) katika mji wa Kath, nchi ya Khawarizm, ambao leo umo Uzbekistan. Mwalimu wake, Abu Nasr Mansur bin Iraq, alikuwa bingwa wa hesabu za pembetatu na mtu wa ukoo uliotawala. Mwaka 995 ukoo huo ukapinduliwa, naye Al-Biruni, kijana wa miaka 22 hivi, akaikimbia nchi yake. Mwaka 997 alikuwa amerudi Kath. Akapatana na Abul-Wafa wa Baghdad kila mmoja atazame kupatwa kwa mwezi akiwa mjini kwake; tofauti ya saa zao ikawaonyesha miji hiyo imeachana kiasi gani kwa upande wa mashariki na magharibi.

Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khawarizm, akamchukua Al-Biruni hadi Ghazna, katika Afghanistan ya leo. Hakwenda kwa hiari. Mwaka uliofuata alikuwa katika kijiji karibu na Kabul, hana chombo hata kimoja cha kupimia. Akachora upinde wa digrii nyuma ya ubao wa kuhesabia, akaning'iniza timazi, akaendelea na kazi. (Wale wanaokosa kufanya zoezi kwa sababu ya rula, wasome tena hapo.)

Kazi yake mashuhuri aliifanya kwenye ngome ya Nandana, katika Pakistan ya leo. Zama za Khalifa Al-Ma'mun watu walitembea jangwani kwa miguu ili kujua ukubwa wa ardhi. Al-Biruni alitafuta njia isiyo na mwendo huo. Kwanza alipima pembe za kilele cha kilima akiwa bondeni, mahali pawili, akapata urefu wake: dhiraa 652. Kisha akapanda juu, akatazama pale mbingu inapokutana na ardhi, akapima macho yameinama kiasi gani: dakika 34, yaani zaidi kidogo ya nusu digrii. Sasa chora pembetatu: kitovu cha ardhi, kilele, na pale macho yanapoigusa ardhi, ambapo pana pembe mraba. Pembe iliyopo kwenye kitovu ni zile zile dakika 34. Kosaini yake ni nusu kipenyo cha ardhi, kugawanywa kwa nusu kipenyo hicho pamoja na urefu wa kilima. Yeye alipata dhiraa 12,800,000 hivi. Mwenye kikokotozi atapata milioni 13 na ushei, kwani pembe ndogo hivi hudai jedwali sahihi mno. Wapo wanaodai alikosea kilomita chache tu. Sisi hatupendi kutia chumvi, maana urefu wa dhiraa yake una khilafu, na hewa hupinda miale.

Hesabu hiyo ameieleza katika kitabu chake Tahdid, alichokimaliza mwaka 1025. Na shabaha ya kitabu ilikuwa nini? Kujua mahali hasa ilipo Ghazna, ili watu wake wajue kibla chao. Sisi wa pwani huelekea kaskazini, basi. Wao Makka iko magharibi, kwa kuinama kusini, na kiasi cha kuinama huko hakijulikani bila ya hesabu za pembetatu.

Alifariki Ghazna akiwa mzee wa zaidi ya miaka 75. Inasimuliwa kuwa faqihi mmoja alikwenda kumzuru naye yumo katika sakarati. Al-Biruni akamwomba amfafanulie tena mas'ala ya mirathi ya mabibi, waliyokuwa wameyazungumza zamani. Faqihi alimwonea huruma, lakini mgonjwa akashikilia, basi akamweleza, naye Al-Biruni akayakariri mpaka akayahifadhi. Faqihi akaaga. Alikuwa bado yuko njiani aliposikia vilio kutoka nyumba ile.