Alisoma Biblia na mwenzake siku mbili, akaacha kazi ya serikali

Kama umewahi kuenda mazishi huko ocha, lazima umeona wazee wakikumbatiana huku wakiimba Tukutendereza. Pengine ukadhani ni mambo ya kina shosho tu. Lakini ukifuatilia wimbo huo ulikotoka, utakutana na jamaa wa mjini, msomi, mwenye kazi ya ofisini. Jina lake Simeoni Nsibambi.

Nsibambi alizaliwa Buganda mwaka wa 1897. Alisoma King's College Budo, shule ambayo wakubwa wa Buganda walipeleka watoto wao. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alihudumu katika kikosi cha matibabu cha Waafrika, akapanda hadi cheo cha sajini. Vita vilipoisha akaajiriwa na serikali katika idara ya afya, Kampala. Kwa kijana Mwafrika wa wakati huo, hapo alikuwa amefika.

Lakini moyoni hakutulia. Alitaka sana kuenda kusoma ng'ambo, nafasi ikamponyoka, akabaki na uchungu. Hata baada ya kuamua kumfuata Yesu, aliona kuna kitu kinakosekana. Makanisa yalijaa Jumapili, lakini Jumatatu watu walirudia wizi, ulevi na chuki zao kama kawaida.

Septemba 1929 alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda. Njaa kali ilikuwa imepiga eneo hilo na daktari alikuwa amechoka mwili na roho, akaja Kampala kupumzika. Alimpata Nsibambi kilimani Namirembe, amesimama kando ya pikipiki yake. Walikuwa wamewahi kuonana mapema mwaka huo kwenye mafunzo ya Biblia. Nsibambi akamweleza kiu yake. Church naye akakubali kwamba ana kiu iyo hiyo.

Basi wakaketi. Kwa siku mbili walifungua Biblia, wakafuata mstari baada ya mstari unaomtaja Roho Mtakatifu, wakaomba pamoja.

Hebu fikiria miaka ile. Uganda ilikuwa chini ya Waingereza. Mzungu alifundisha, Mwafrika akasikiliza. Hapa wawili hao walikuwa wanafunzi wa kitabu kimoja, kila mmoja akikubali mbele ya mwenzake kwamba amepungukiwa. Hilo halikuwa jambo dogo.

Muda si muda Nsibambi aliacha kazi ya serikali. Akaanza kuzunguka Kampala peku, akiuliza kila aliyekutana naye kama ameokoka. Kuna waliosema amerukwa na akili.

Mdogo wake, Blasio Kigozi, alikuwa akifundisha Gahini. Huko, na baadaye kwingi Uganda na Rwanda, vikundi vidogo vilianza kukutana. Watu walisoma Biblia, kisha kila mmoja akasema wazi palipomgusa. Aliyeiba akarudisha. Mwenye deni akalipa. Mume akamwomba mkewe msamaha. Kigozi alifariki Januari 1936, lakini moto ulikuwa umeshawaka. Mwaka wa 1937 ulifika Kabete, hapa kwetu.

Sio kwamba kila kitu kilikuwa shwari. Mwaka wa 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha theolojia cha Mukono kwa sababu ya mvutano kuhusu uamsho huo. Na kuna wakati waliookoka walihukumu wengine kuliko walivyojichunguza wenyewe.

Mtihani mkubwa nchini mwetu ulikuja miaka ya 1950. Ndugu wengi wa uamsho walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi wakakataa pia kubeba bunduki za serikali ya mkoloni. Pande zote mbili ziliwashuku. Wengine waliuawa. Waliosimama walikuwa na wenzao waliozoea kuambiana ukweli miaka mingi.

Nsibambi mwenyewe hakuiona safari hiyo yote kwa macho. Tangu miaka ya 1940 ugonjwa ulimweka nyumbani, watu wakawa wanamfuata huko kutafuta ushauri. Alifariki mwaka wa 1978. Mwanawe, Apolo, ndiye aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Uganda kuanzia 1999 hadi 2011.

Sasa wewe una kikundi chako, iwe ni kwa hosteli, mtaani au kwenye WhatsApp. Mnasoma sura, kila mtu anatoa maoni, mnafunga kwa maombi, mnaenda zenu. Safi. Lakini kina Nsibambi wangekuuliza swali moja zaidi: hilo somo limekugusa wapi? Labda kuna beshte uliyemkopa pesa ukanyamaza. Labda kuna mtu nyumbani mliyenuniana tangu Krismasi. Mpigie leo, kabla ya kikao kijacho.