Padre Marin Mersenne na Namba Iliyomshinda



Sisi tunaotoka Mtunda, Kibiti, tumewasikia wazee wakihesabu boriti za mikoko za delta ya Rufiji kwa korija. Korija moja ni boriti 20. Hupangika safu 4 za boriti 5, au safu 2 za boriti 10. Lakini boriti 19 hazipangiki katika safu zilizo sawa, ila zote zilale safu moja. Namba ya namna hiyo huitwa namba tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Leo tumkumbuke padre aliyezitafuta namba hizo.

Marin Mersenne alizaliwa tarehe 8 Septemba 1588 huko Oizé, Ufaransa. Alisoma kwa Wajesuiti huko La Flèche, kisha teolojia mjini Paris. Mwaka 1611 alijiunga na Waminimi, watawa wa Mtakatifu Fransisko wa Paola, ambao wakati huo kwa nadhiri hawakula nyama, mayai wala maziwa maisha yao yote. Alipata upadre, akafundisha falsafa Nevers, kisha akarudi Paris. Kutoka konventi yake aliandikiana barua na wataalamu wengi, wakiwemo Descartes na Fermat. Alichopata kwa mmoja aliwapelekea wengine wakipime.

Mwaka 1644 alichapa orodha yake. Zidisha mbili tatu, 2×2×2, upate 8. Toa 1, inabaki 7, namba tasa. Zidisha mbili nne, utoe 1, inabaki 15, nayo si tasa. Mersenne alitaja ni mbili ngapi zinazoleta namba tasa, hadi kufikia 257. Katika orodha aliweka 67, inayoleta 147,573,952,589,676,412,927. Alikiri kwamba muda wote wa dunia usingetosha kupima namba ya tarakimu 15 au 20. Hii ina tarakimu 21, naye akaiandika hata hivyo.

Alifariki Paris tarehe 1 Septemba 1648, akiwa ameagiza mwili wake upasuliwe ili chanzo cha kifo kijulikane. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kuwa namba ile si tasa, bila kujua vigawo vyake. Frank Cole alivionyesha mwaka 1903: 193,707,721 na 761,838,257,287. Orodha ilikuwa na makosa matano: 67 na 257 hazikustahili kuwamo, na 61, 89 na 107 zilisahaulika. Lakini 127 alipatia, na Lucas aliithibitisha: namba ya tarakimu 39.

Namba tasa za aina hii bado zinaitwa kwa jina lake. Hakuwa sahihi katika yote, ila aliweka kazi yake mahali ambapo wengine wangeweza kuisahihisha.

Sisi mafrateri tukifika parokiani huulizwa maswali mengi, nasi huona aibu kusema hatujui. Mara nyingine tumejibu kwa uhakika jambo ambalo hatukulipima, na waamini wakalipokea kwa kuwa tumevaa kanzu. Kosa la Mersenne liliwaumiza wanahesabu tu. Letu laweza kuiumiza imani ya mtu. Basi mkitusikia tumekosea, tusahihisheni, na mtuombee.