Al-Jahiz: Muuza Samaki wa Basra

Ndugu msomaji, sisi tuliotoka Nchelenge tunawajua vijana wanaouza chisense sokoni Kashikishi mchana na kushika daftari usiku. Mwanachuoni huyu naye alianza hivyo.

Jina lake ni Abu Uthman Amr bin Bahr. Alizaliwa Basra, Iraq, karibu mwaka 776, katika familia maskini. Inapokewa kwamba babu yake alikuwa mtu mweusi, mchunga ngamia. Macho yake yaliyotokeza ndiyo yaliyompa lakabu ya al-Jahiz. Ujanani aliuza mkate na samaki kando ya mfereji, huku akihudhuria darsa misikitini. Inasimuliwa kwamba alikodi maduka ya vitabu usiku ili asome mpaka alfajiri.

Kitabu chake maarufu, Kitab al-Hayawan, kina juzuu 7. Humo anaeleza jinsi wanyama wanavyolana na wanavyojihami. Kauli ya Aristotle hakuipokea kwa ukubwa wa jina tu: aliwauliza wenye uzoefu, akatazama na kujaribu mwenyewe. Kwake shaka ilikuwa njia ya kufikia yakini, na hata mdudu mdogo alikuwa dalili ya hekima ya Muumba.

Leo wengi wetu tunajigamba kwamba alimtangulia Darwin kwa miaka 1000. Tuwe waangalifu. Darwin, mwaka 1859, alidai kuwa viumbe wametokana na asili moja, akaeleza na njia yake: uteuzi asilia. Nadharia hiyo kamili haimo katika al-Hayawan. Kumvisha mzee wetu kilemba cha ukoka ni kumdhulumu.

Lakini pia tusiukimbie ushahidi kwa kutajwa tu jina la Darwin. Mwaka 2019 watafiti walichapisha ushahidi wa vinasaba kwamba ndani ya Ziwa Mweru letu spishi nyingi za samaki wa jamii ya perege zilitokana na kuchanganyika kwa koo za samaki kutoka mabonde tofauti ya mito. Al-Jahiz, kabla ya kukubali au kukataa, angeomba kwanza aonyeshwe samaki.

Alifariki Basra mwaka 255 Hijria, akiwa amepita miaka 90. Husimuliwa kwamba rundo la vitabu vyake ndilo lililomwangukia. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.