Chungu, Kaniki na Santuri: Maisha ya Siti binti Saad

Aghalabu wahakiki huyachunguza maisha ya msanii kwa kuzipekua barua, shajara na miswada yake. Je, tufanyeje msanii anapokuwa hakujua kusoma wala kuandika? Swali hili linatukabili kila tumtajapo Siti binti Saad, malkia wa taarab ya Kiswahili. Makala haya yanashikilia kwamba vitu vitatu, yaani chungu, kaniki na santuri, vinatosha kutusimulia maisha yake, na kwamba vile alivyodunishwa kwavyo ndivyo vilivyomlea kisanaa.

Siti alizaliwa yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, wote wenye asili ya bara na waliozongwa na historia ya utumwa. Jina alilopewa utotoni, Mtumwa, ni ushahidi tosha wa hali hiyo. Mama yake alikuwa mfinyanzi, naye binti akajifunza kazi hiyo na kutembeza vyungu kichwani akitafuta wanunuzi. Inasimuliwa kwamba aliinadi bidhaa yake kwa kuimba, hata wateja wakaitambua sauti kabla ya kumwona mwenyewe. Yamkini hiyo ndiyo iliyokuwa skuli yake ya kwanza ya uimbaji.

Mnamo mwaka 1911 alihamia mjini, ambako alifunzwa muziki na mwanamuziki wa kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa. Zama hizo taarab iliimbwa kwa Kiarabu, nayo ilikuwa burudani ya Sultani na matajiri. Siti aliiimba kwa Kiswahili, na nyota yake ikang'aa. Hapo ndipo mahasidi walipomtungia wimbo wa kumkumbusha kuwa alitoka shamba akiwa amevaa kaniki. Kejeli hiyo ilichoma, kwa maana kaniki, nguo nyeusi ya bei rahisi, ilikuwa vazi la watumwa na mafukara. Ingawa utumwa ulipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, vazi hilo liliendelea kumpambanua mtu na nasaba yake. Siti alijibu kwa wimbo. Hakukana alikotoka wala hakujidai kuwa mrembo, bali alishikilia kwamba sura na ukoo si hoja, na kwamba hasara ya mtu ni kukosa akili. Tusi likageuka mtaji wa sanaa.

Santuri ndiyo iliyoivusha sauti hiyo bahari. Mwaka 1928 Siti na wenzake, wakiwemo Mbaruk Talsam, Subeti Ambar, Budda Swedi na Maalim Shaban, walisafiri hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Kufikia mwaka 1931 santuri za Kiswahili za kampuni hiyo zipatazo 72,000 zilikuwa zimeuzwa. Nyimbo zake hazikuwa za mahaba pekee. Wimbo wa Kijiti, kwa mfano, unamsimulia mwanamume aliyemwua mwanamke kisha akatorokea Dar es Salaam, ilhali mahakamani adhabu iliwaangukia mashahidi. Ni dhahiri kwamba muuza vyungu hakuwasahau wanyonge wenzake hata baada ya kupata jina.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Muda mfupi kabla ya kifo chake, Shaaban Robert alikutana naye, na wasifu aliouandika ulichapishwa mwaka 1958. Bila kalamu hiyo tungebaki gizani kuhusu mengi. Hata hivyo, wasifu huo usitufanye tuvipuuze vile vitu vitatu. Chungu kinatueleza sauti ilikotoka, kaniki inatueleza ilichokabiliana nacho, na santuri inatueleza ilikofika. Wako wasanii wengi wa kike wa pwani ambao hawakuacha hata ukurasa mmoja. Sisi wanafunzi wa fasihi tukisubiri miswada yao, tutasubiri daima. Heri tuanze kwa kuuliza walibeba nini, walivaa nini na sauti zao zilihifadhiwa wapi.