Darwin aliugua bila kujua anaugua nini

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii wanafunzi wetu waifahamu tangu shule ya msingi, ila ni wachache wanaoikumbuka mwenzao anapolalamika kwamba kila alapo tumbo humsokota, ilhali daktari amempima asione kitu. Mtu wa namna hiyo huitwa mvivu, mdekaji au mwongo. Akiwa mwanafunzi wa bweni, husemwa kwamba anayakimbia maharagwe ya shule. Nakusudia leo tutazame maisha ya mtu aliyeishi na tatizo hilo kwa takriban miaka 40, naye si mwingine bali Charles Darwin, ambaye nadharia yake kila mwanafunzi wa Bayolojia hana budi kuisoma.

Darwin alizaliwa mjini Shrewsbury, Uingereza, tarehe 12 Februari 1809. Baba yake alikuwa daktari, na babu yake vilevile. Naye alipelekwa Edinburgh mwaka 1825 kusomea udaktari, lakini masomo hayo yalimshinda. Upasuaji wa siku hizo, kabla ya kugunduliwa kwa dawa za usingizi, ulimtisha mno akatoka mbio. Alihamia Cambridge, akahitimu mwaka 1831, na mwezi wa Disemba mwaka huo akaabiri meli ya Beagle iliyokuwa ikienda kupima pwani za Amerika Kusini. Alipokuwa bandarini Plymouth akingojea safari, moyo ulimwenda mbio na kumuuma. Hakumwendea daktari yeyote, kwa kuchelea asije akazuiwa kusafiri.

Safari hiyo ilidumu karibu miaka 5. Baharini alitapika mara kwa mara, lakini nchi kavu alikuwa kijana mkakamavu aliyekwea milima ya Andes na kusafiri masafa marefu juu ya farasi. Hakuna aliyemwona wakati huo ambaye angebashiri maisha yaliyokuwa yakimngoja.

Alirejea Uingereza mwezi wa Oktoba 1836, na haukupita muda mrefu kabla ya afya yake kuanza kuzorota. Mwaka 1839 alimwoa binamu yake, Emma Wedgwood, na mnamo 1842 wakahamia kijiji cha Downe, nje ya London. Huko ndiko alikoishi hadi kufa kwake. Alikuwa akila chakula chake vizuri, kisha baada ya saa mbili tatu tumbo likajaa gesi, kichefuchefu kikamshika na mara nyingi akatapika. Fauka ya hayo alipatwa na kizunguzungu, mitetemeko ya mwili, vipele vya ngozi na uchovu mwingi. Mazungumzo ya jioni na wageni yaliweza kumnyima usingizi usiku kucha. Katika chumba chake cha kazi alitenga kona moja iliyositiriwa, yenye beseni, ili apate mahali pa kukimbilia.

Jambo lililomwongezea uchungu ni kwamba sura yake haikuonyesha ugonjwa. Uso wake ulikuwa na rangi ya siha, hata akamlalamikia rafiki yake kwamba watu humsifu kwa kunawiri na wengi wao hudhani anajisingizia.

Madaktari aliwaendea wengi. Mwaka 1849 alikwenda Malvern kwa Daktari James Gully, aliyekuwa akitibu kwa maji baridi. Alitokwa jasho kwa joto la taa, akasuguliwa kwa taulo zilizolowa maji baridi, akavikwa shuka zenye maji, tena akakatazwa sukari, siagi, viungo na nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Alipata nafuu, akarudi nyumbani na kujijengea bafu la maji baridi uani. Kuanzia mwaka huo hadi 1855 aliandika katika daftari hali yake ya kila siku na kila usiku, akizihesabu siku njema kama alivyozoea kuhesabu mimea na wadudu. Hata hivyo maradhi yalirudi. Mwaka 1865 daktari mwingine alimwekea barafu kwenye uti wa mgongo, wala haikumfaa kitu.

Huko huko Malvern ndiko alikofia binti yake mpendwa, Annie, mwezi wa Aprili 1851, akiwa na umri wa miaka 10. Msiba huo ulimwachia Darwin hofu isiyokwisha kwamba huenda amewarithisha watoto wake udhaifu wa mwili wake. Kati ya watoto 10 aliojaliwa, 3 walifariki wakiwa wadogo.

Mtu huyu alifanyaje kazi? Alifanya kazi kwa vipindi vifupi vya asubuhi, kila kimoja kama saa moja na nusu, kisha akatembea katika njia aliyoitengeneza karibu na nyumba yake. Ilipofika saa sita mchana alihesabu kwamba ametimiza wajibu wa siku. Kwa miaka 8 aliwachunguza viumbe wadogo wa bahari wenye magamba, wale wanaong'ang'ania miamba na mbao za vyombo, na mwenyewe alikadiria kwamba miaka 2 kati ya hiyo ilimezwa na maradhi. Kitabu chake mashuhuri juu ya asili ya spishi kilipochapishwa mwezi wa Novemba 1859, yeye alikuwa Ilkley akitibiwa kwa maji. Mwezi wa Juni 1860 wasomi walipozozana hadharani mjini Oxford kuhusu kitabu hicho, waliomtetea ni rafiki zake Huxley na Hooker, maana yeye alikuwa mgonjwa tena. Katika miaka yake ya mwisho tumbo lilimpa ahueni. Moyo ndio uliomwua, tarehe 19 Aprili 1882, akazikwa Westminster Abbey.

Je, aliugua nini hasa? Wapo waliosema kwamba ni ugonjwa wa Chagas, unaoenezwa na mdudu afyonzaye damu ambaye alimshambulia Darwin huko Argentina mwaka 1835. Ugonjwa huo haukujulikana hadi mwaka 1909. Wengine walidai kwamba ni hofu ya kuitangaza nadharia yake. Mwaka 2005 wataalamu wawili walipendekeza kwamba tumbo lake halikuweza kusaga sukari iliyomo katika maziwa, vitu ambavyo vyakula vya jikoni kwa Emma havikuvikosa. Rai hii yatuhusu sisi pia. Watu wazima wengi duniani hupungukiwa na kimeng'enya cha kusaga sukari hiyo. Mnamo 2007 watafiti walitangaza kwamba miongoni mwa jamii za Kenya, Tanzania na Sudan yamo mabadiliko ya kijeni yanayowawezesha watu wazima kunywa maziwa, nayo yalizuka mbali na yale ya Wazungu. Huo ni uteuzi asilia uleule aliouandika Darwin. Lakini hakuna rai hata moja kati ya hizo iliyothibitishwa.

Hapo ndipo penye funzo. Ugonjwa kukosa jina si ushahidi kwamba haupo. Huenda jina lake halijagunduliwa bado, au kipimo chake hakijafika katika zahanati yetu. Darwin alisalimika kwa sababu alikuwa na mali, mke aliyemwamini na ruhusa ya kujipangia saa zake za kazi. Mwanafunzi wa bweni hana hata kimoja kati ya hivyo. Anachoweza kupewa ni sikio la mwalimu wake. Mwalimu na amwambie aandike anachokula, saa anayoumwa na muda wa maumivu, kisha daftari hilo lipelekwe kwa daktari, mara ya pili na ya tatu ikibidi. Kumwita mwongo kabla ya kufanya hayo ni kutoa hukumu bila ushahidi.