Msee aliyempoteza buda, akampoteza mke, lakini jina lake liko kwa plagi yako
Cheki plagi ya pasi kwa keja yako. Umeona 13A? Hiyo A ni jina la msee: André-Marie Ampère, Mfaransa aliyezaliwa Lyon mwaka wa 1775.

Usidhani maisha yalimwendea poa. Hakukanyaga shule, alijisomea vitabu vya buda yake. Mwaka wa 1793, wakati wa Mapinduzi, buda akakatwa kichwa. Kijana akazima kabisa, masomo akayaacha kwa muda mrefu. 1799 akamuoa Julie. 1803 Julie naye akafariki, akamwachia mtoto mdogo.

Septemba 1820, akiwa Paris, akaskia kuwa Ørsted wa Denmark ameona waya yenye stima ikisukuma sindano ya dira. Ampère akajiuliza: na waya mbili je? Akazipanga sambamba. Stima ikipita upande mmoja, zinavutana. Ikipita pande tofauti, zinasukumana. Wiki chache tu, kazi imeiva! Ile blenda yako inazungushwa na nguvu hiyo hiyo.

Alifariki Marseille mwaka wa 1836, akiwa na miaka 61. Heshima ya kuitwa kipimo cha stima ilikuja 1881, yeye ashazikwa kitambo.