Robert Koch, mwenye K ya BK

Ukikohoa zaidi ya majuma mawili, ku kituo cha afya watakuambia ulete makohozi wapime BK. Ile K ni ya Koch, munganga wa Ujerumani aliyezaliwa mwaka wa 1843 katika muji wa madini wa Clausthal.

Robert Koch alianza kama munganga wa wilaya tu, mbali na vyuo vikubwa. Jioni alichungulia mikroskopi nyumbani. Mwaka wa 1876 akaonyesha mikrobe inayoleta kimeta, ugonjwa unaoua kondoo na ng'ombe. Kumbe ile mikrobe inajifunga kama mbegu, inangoja wakati wake.

Tarehe 24 Machi 1882, Berlin, akatangaza mikrobe ya kifua kikuu. Wakati ule wengi walisema ni ugonjwa wa ukoo. Sasa ikajulikana unaambukiza.

Halafu akakosea, tena vibaya. Mwaka wa 1890 alisema amepata dawa, tuberkulini. Wagonjwa wakakimbilia Berlin. Dawa haikuponya, na wengine walikufa. Lakini maji yale yale, ukidungwa kidogo ku ngozi, panavimba kama mikrobe iko ndani yako, hata kama hukohoi. Ndivyo watu walianza kuona ugonjwa unaolala.

Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1905. Kisha akaja karibu na sisi, visiwa vya Sese huko Uganda, kutibu malale kwa dawa ya atoksili. Wagonjwa wengine walipofuka. Alikufa mwezi wa tano 1910, moyo ukiwa umechoka.

Koch alishikilia kwamba kila aina ya mikrobe inabaki vile ilivyo. Hapo njo kuna kitu hakuweza kuona. Kule Denmark, mikrobe ya baba ililala ndani ya mwana wake zaidi ya miaka 30, ndipo mwana akagonjwa. Wataalamu wakifuata mikrobe za namna hiyo, wakasoma urithi wake wote, waliona kwamba hata ikilala inaendelea kubadilika, pole pole. Na mabadiliko ya urithi njo njia ambayo kifua kikuu kinapitia mpaka dawa inashindwa.

Kwa hiyo mutu akipatikana na BK, munganga anauliza pia juu ya watoto wanaolala naye nyumba moja, hata wale wanaocheza muzuri.